Lodwar Hadi Mandera ni Saa Ngapi?

Hotuba ya afisa wa uchukuzi kwa wakazi wa Eastleigh na Pumwani



Wengi hapa mna ndugu Mandera, na wengine mna jamaa Lodwar na Kakuma. Simu ikipigwa kwamba mzee amefariki Mandera, na mwanawe yuko Kakuma, swali la kwanza ni: atafika saa ngapi? Kwa Waislamu mazishi hayangoji. Jibu likikosewa, mtoto hukuta kaburi limeshafukiwa.

Ukitafuta kwenye simu, utaambiwa Lodwar hadi Mandera ni kama kilomita 700 angani, mwendo wa saa moja na nusu. Hesabu hiyo si ya uongo. Ndege ya abiria ya injini mbili, ile ya mapanga ya kuzunguka, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Lakini hiyo ni safari ya rula juu ya ramani. Abiria wa kawaida hupitia hapa Nairobi.

Yaani huja kwanza kusini kilomita 510, kisha huelekea kaskazini mashariki kilomita 810. Jumla ni 1,320, karibu mara mbili ya ile ya simu. Angani peke yake ni kama saa tatu. Akipata ndege ndogo ya injini moja, inayokwenda kilomita 300 na kitu, Nairobi hadi Mandera tu ni kama saa mbili na nusu. Na kutoka Kakuma kuna barabara ya kilomita 120 hivi kabla hajauona uwanja wa Lodwar. Kama ni mkimbizi, kuna kibali cha kutoka kambini pia, na hicho hakina kasi ya ndege.

Kinachokula muda zaidi kiko hapa mjini. Ulizeni mapema: ndege ya kwanza inatua JKIA au Wilson? Ya pili inaondokea wapi? Moja iko Embakasi, nyingine Lang'ata, na katikati kuna msongamano mnaoujua. (Kabla ya Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, ndege za abiria zilitua hapa hapa Eastleigh, ilipo kambi ya jeshi la anga leo. Wazee wanakumbuka.) Tiketi mbili zilizokatwa kando kando ni hatari: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei. Viwanja vingi vidogo navyo hutegemea mwanga wa mchana, kwa hivyo anayefika Nairobi alasiri mara nyingi hulala kwenu.

Basi mkiwapigia walioko Mandera, msiwape saa ya kwenye simu. Wapeni siku, na saa ya ndege inayotoka Nairobi, ili familia iamue yenyewe kama itamngojea au itazika.

Maswali ya nauli na kilo za mizigo tuyachukue sasa, tuanze na mama wa pale nyuma.