Mtandao Huamuliwa na Mpokeaji: Kuhamisha Sarafu za Kidijitali Kwenda Sokoni

Mada hii ya semina inahusu hatua moja fupi ambayo wengi huipita bila kuitazama. Unataka kutoa sarafu kwenye pochi yako uipeleke kwenye soko la kuuzia, na skrini inakutaka uchague mtandao. Majina yanajipanga: ERC-20 (yaani Ethereum), TRC-20 (Tron), BEP-20 (BNB Smart Chain), Polygon, Arbitrum, Solana. Kando ya kila jina pameandikwa ada. Macho hukimbilia ada, kidole kikagusa iliyo ndogo, pesa ikaondoka. Hoja yangu ni kwamba uamuzi ule haukuwa wa mtumaji tangu mwanzo. Mtandao huamuliwa na anayepokea; kazi ya mtumaji ni kuuliza, kisha kufuata.

Nitaitumia USDT, sarafu inayokusudiwa kuwa na thamani ya dola moja, kama mfano, kwa kuwa ndiyo sarafu ambayo mfasiri wa Mombasa au mtengenezaji wa programu wa Dar es Salaam anaweza kulipwa na mteja wa ng'ambo, kisha akaiuza na kupokea shilingi kwenye simu. Kampuni ya Tether ilianza kuitoa mwaka 2014 juu ya leja (daftari la miamala) ya Bitcoin. Baadaye ikaiweka juu ya Ethereum, mwaka 2019 juu ya Tron, na leo iko kwenye mitandao mingi. Sote tunaiita sarafu moja kwa sababu bei yake ni moja. Lakini kila mtandao una leja yake, na leja hizo hazisomani. Dola 100 zilizoandikwa kwenye Tron hazijulikani kabisa kwenye Ethereum. Na ile USDT ya BNB Smart Chain haitolewi na Tether yenyewe: soko la Binance huweka akiba ya USDT mahali pengine, kisha hutoa tokeni ya kuiwakilisha.

Hofu ya watu wengi iko mahali pasipo na hatari kubwa. Wanaogopa kuchanganya Tron na Ethereum. Anwani ya Tron huanza na herufi T na ina herufi 34. Ya Ethereum huanza na 0x na ina 42. Ukibandika ya Tron penye nafasi ya Ethereum, karibu kila pochi itakataa papo hapo. Hatari yenyewe iko kwa zile zinazofanana. Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, Arbitrum, Optimism, Base na tawi la C la Avalanche zote hutumia umbo lilelile la anwani, 0x na herufi 40 nyuma yake. Ufunguo mmoja wa siri huzaa anwani ileile kwenye mitandao hiyo yote. Hata ule mpangilio wa herufi kubwa na ndogo ndani ya anwani, uliowekwa ili kugundua herufi iliyokosewa, hausemi lolote kuhusu mtandao. Kwa hiyo programu haina cha kukataa. Itatuma.

Tuutazame muamala mmoja kwa karibu. Mfasiri wetu ana USDT kwenye BNB Smart Chain. Anafungua ukurasa wa kuweka pesa kwenye soko lake, ananakili anwani ya 0x, na hasomi mstari mdogo ulio juu yake unaosema mtandao ni Ethereum. Anarudi kwenye pochi, anabandika, anathibitisha. Baada ya sekunde chache anaingia BscScan, tovuti ya kusomea miamala ya mtandao huo, na anakuta alama ya kijani: muamala umefaulu. Anwani ya mpokeaji ni ileile, herufi kwa herufi. Lakini kwenye akaunti yake ya soko salio ni sifuri, na litabaki sifuri, kwa sababu mfumo wa soko unaisikiliza anwani ile kwenye leja ya Ethereum peke yake. Pesa ipo, kila mtu anaiona, na hakuna aliyeipokea.

Itarudi au haitarudi? Jibu linategemea nani ana ufunguo wa anwani ile. Kama ni pochi yako mwenyewe, huna hasara: ongeza mtandao husika kwenye pochi, na salio litaonekana. Kama ni anwani ya soko, ufunguo wanao wao, na mara nyingi wanaweza kuitoa pesa. Lakini itabidi mfanyakazi aifanye kazi hiyo kwa mkono, tena kwa funguo ambazo usalama unataka ziguswe mara chache iwezekanavyo. Ndiyo maana masoko mengine hutoza ada ya kurejesha, mengine huweka kiwango ambacho chini yake hayashughuliki na ombi, na mengine hukataa kabisa. Mkenya aliyekosea namba kwenye M-Pesa huupeleka ujumbe wa muamala huo kwa namba 456 na kuomba muamala urudishwe. Kwenye blokucheni hakuna wa kupelekewa ombi la namna hiyo. Yupo mwenye ufunguo tu, na hiari yake.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, pale ambapo anwani si ya ufunguo mmoja bali ni programu iliyowekwa kwenye leja. Programu iliyowekwa Ethereum haipo kwenye mtandao mwingine mpaka mtu aiweke huko pia. Mwaka 2022 kampuni ya Wintermute, ambayo kazi yake ni kununua na kuuza sarafu hizi usiku na mchana, ilipaswa kupokea tokeni milioni 20 za OP, sarafu ya mtandao wa Optimism, kutoka kwa taasisi ya Optimism. Ikatoa anwani ya pochi yake ya saini nyingi, yaani programu ya namna hiyo, ambayo ilikuwepo Ethereum lakini ilikuwa haijawekwa kwenye mtandao wa Optimism. Tokeni zilitumwa, zikakaa kwenye anwani isiyo na mwenyewe. Kabla kampuni haijafanikiwa kuiweka pochi yake huko, mtu mwingine aliwahi, akaiweka kwa namna iliyompa yeye mamlaka. Aliuza milioni 1, na baadaye akarudisha milioni 17.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo ningependa tulikazie macho. Kabla ya kutuma kiasi kikubwa, majaribio mawili yalifanyika, na Wintermute ilithibitisha kuwa yamefika. Yalifika kweli, kwa maana kwamba leja iliyaonyesha. Hakuna aliyejaribu kuzitoa tokeni pale zilipofika. Kila siku watu wanashauriwa watume kiasi kidogo kwanza, na ushauri huo ni mwema, lakini ni nusu ya ushauri. Jaribio halijakamilika mpaka salio ndani ya akaunti ya soko liongezeke na uweze kuligusa, uuze au uhamishe kidogo. Alama ya kijani kwenye tovuti ya leja haitoshi. Kiasi cha jaribio nacho kisiwe chini ya kima cha chini cha soko, maana pesa ya chini ya kima hicho huenda isiingizwe kwenye akaunti hata kama mtandao ni sahihi, nawe ukadhani umekosea njia.

Ada iangaliwe mwisho, baada ya kujua mitandao ambayo soko linapokea na pochi yako inayo. Hapo chaguo huwa halali, na tofauti ni kubwa. Mwaka 2021 muamala wa Ethereum uliweza kugharimu makumi ya dola. Tron ilipendwa kwa unafuu wake, ila ada yake hubadilika kwa jambo ambalo wengi hawalijui: kutuma USDT kwa anwani yenye USDT tayari hutumia nishati (kipimo cha kazi ya mtandao) ipatayo 65,000, na kwa anwani ambayo haina hata senti ya USDT hutumia karibu mara mbili. Asiye na nishati hulipa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe. Na hapa ndipo wengi hukwama: wana USDT 200 kwenye pochi ya Tron, hawana TRX hata moja, na pesa haisogei. Mitandao mingine nayo hudai sarafu yake: Ethereum hudai ETH, BNB Smart Chain hudai BNB, Polygon hudai POL.

Kwa baadhi ya sarafu, mtandao na anwani havitoshi. Soko hutumia anwani moja ya XRP au ya Stellar kwa wateja wake wote, na humtambua kila mmoja kwa namba ya ziada. Ukiisahau namba hiyo, pesa inafika sokoni bila jina.

USDC, sarafu nyingine ya dola, nayo ina mtego wake. Kwenye Arbitrum na Polygon zimewahi kuwepo mbili: inayotolewa na kampuni ya Circle moja kwa moja, na USDC.e iliyovushwa kutoka Ethereum. Mtandao ni mmoja, jina karibu moja, lakini ni tokeni mbili, na soko linaweza kupokea moja tu. Mwezi Februari 2024 Circle ilitangaza kuwa inaacha kuitoa USDC juu ya Tron. Njia iliyokuwa sahihi mwaka jana haina dhamana leo, kwa hiyo ukurasa wa kuwekea pesa ufunguliwe upya kila mara, na anwani inakiliwe kutoka hapo. Isichukuliwe kwenye orodha ya miamala ya zamani, ambamo matapeli hupenyeza anwani zinazofanana na zako mwanzo na mwisho. Mei 2024 mtu mmoja alituma WBTC (tokeni inayowakilisha Bitcoin) 1,155, takriban dola milioni 68, kwa anwani ya namna hiyo.

Sikubali kwamba haya yote ni uzembe wa watumiaji. Soko linalokupa anwani ya 0x linajua fika kwamba ileile itapokea kwenye mitandao yote saba niliyoitaja, na bado jina la mtandao linaandikwa kwa herufi ndogo kuliko picha ya msimbo wa QR. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali pepe, na usimamizi umegawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Napendekeza semina hii iwaandikie wasimamizi hao wawili na kuomba masharti matatu ya leseni: jina la mtandao lioneshwe kwa ukubwa uleule wa anwani, kila soko litangaze, kabla mteja hajaweka pesa, kama litarejesha kilichotumwa kwa mtandao mwingine, kwa ada gani na ndani ya siku ngapi, na anayekataa kurejesha kitu ambacho ufunguo wake anao atoe sababu kwa maandishi.