Kuweka Kiwango cha Sauti ya Maikrofoni katika Redio ya Ridhaa



Miongoni mwa vitufe vilivyo usoni mwa redio ya kupokea na kurusha, kimoja kidogo huzua manung'uniko mengi kupita vingine: kile cha kuongeza sauti ya maikrofoni. Mwenye redio hukizungusha akitumaini kusikika mbali zaidi, na jirani yake katika masafa huishia kuacha mazungumzo aliyokuwa nayo. Nitazungumzia hasa sauti inayorushwa kwa SSB, kwa kuwa hapo ndipo kosa hili humuumiza mwingine kuliko anayelitenda.

Chanzo mara nyingi ni mita. Mtu hununua redio ya wati 100, akazungumza, akaona mshale wa nguvu ukicheza kati ya wati 30 na 40. Huhisi amepunjwa. Hakupunjwa. Katika SSB nguvu hufuata sauti ya msemaji: ukinyamaza hakuna kinachorushwa, na ukisema, silabi zenye mkazo hufika kileleni kwa kitambo kifupi ambacho mshale hauwezi kukikimbilia. Mita nyingi huonyesha kitu kilicho karibu na wastani. Vilele vya wati 100 vipo, ila jicho haliwahi kuviona. Asiyelijua hili huongeza sauti mpaka mshale ukaribie 100, na hapo vilele vimekwisha kugonga dari muda mrefu.

Kilele kinachogonga dari hukatwa, na sauti iliyokatwa haikai tena ndani ya upana wake wa takriban kilohezi 3. Humwagika juu na chini, ikisikika kwa jirani kama mikwaruzo isiyo na maneno. Redio za kisasa zina kinga iitwayo ALC, inayopunguza msukumo pale unapozidi. Lakini kinga hiyo husubiri kilele kifike ndipo ichukue hatua. Ukiilazimisha kufanya kazi katika kila neno, yenyewe huanza kuiharibu sauti.

Na faida inayotafutwa ni ndogo ajabu. Kuongeza nguvu kutoka wati 50 hadi 100 ni desibeli 3. Kwa kipimo cha kawaida cha S-mita, ambapo alama moja ni desibeli 6, mshale wa anayekusikiliza hupanda nusu ya alama tu. Kwa maoni yangu, hakuna mazungumzo yaliyookolewa na nusu ya alama huku maneno yenyewe yakiwa hayatambulikani.

Hasara, kinyume chake, yaweza kuwa kubwa. Katika Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Tanzania imo, Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa umetenga kilohezi 7110 kuwa kitovu cha mawasiliano ya dharura katika bendi ya mita 40. Tuchukulie kwamba unazungumza kwenye 7115. Kwa kuwa katika bendi hii sauti hukaa upande wa chini wa namba inayosomeka, sauti yako ikiwa safi hukaa kati ya 7112 na 7115, wala haimgusi aliye 7110. Ikimwagika, inamfunika. Naye huenda anatumia betri iliyokaribia kwisha, akiwa na waya uliofungwa juu ya mti, akijaribu kueleza ni daraja gani limesombwa na maji. Wewe hutamsikia, wala hutajua kwamba ulimzuia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ondoa antena, unganisha mzigo bandia unaomeza nguvu bila kurusha mawimbi. Zima kompresa ya sauti. Geuza mita isome ALC badala ya nguvu. Shika maikrofoni kiasi cha sentimita tano kutoka mdomoni, uizungumzie kwa pembeni kidogo ili pumzi isiipige, na useme kwa sauti yako ya kila siku. Hapa wengi hukosea: wakati wa kujaribu huhesabu kwa upole "moja, mbili, tatu", kisha wakipata mtu wa kuongea naye hupaza sauti. Jaribu kwa sauti ile utakayoitumia. Ongeza taratibu mpaka mshale wa ALC uguswe na silabi nzito peke yake na kubaki ndani ya eneo lililochorwa na mtengenezaji. Maana ya eneo hilo hutofautiana baina ya redio na redio, kwa hiyo kitabu chake kisomwe.

Kompresa iwashwe mwishoni, kwa kiasi, nayo ALC itazamwe upya. Hunyanyua kila kilicho chumbani: pangaboi, jenereta ya jirani, jogoo. Vikisikika katikati ya maneno yako, punguza.

Iwapo unaendesha redio kwa betri, pima volti wakati unarusha. Redio ya wati 100 huhitaji takriban ampea 20 kwa volti 13.8, betri iliyochoka au waya mwembamba huiharibu sauti hata kama maikrofoni imewekwa sawasawa, na mtu huzungusha kitufe kisicho na hatia.

Redio za mkononi za FM nyingi hazina kitufe hiki. Kupiga kelele huko hakuongezi kitu. Wanaotumia FT8 kupitia kompyuta wazime kompresa kabisa, na wapunguze sauti ya kompyuta mpaka ALC isionyeshe chochote.

Baada ya hapo rudisha antena na uombe taarifa. Usiulize "unanisikiaje?", kwani utajibiwa kwa adabu. Mwombe mwenzako asogeze redio yake kilohezi 5 juu, kisha 5 chini, akuambie kama bado anakusikia. Akikusikia kwa mikwaruzo, punguza na umwombe arudie. Lakini kama mko karibu sana, kwanza apunguze usikivu wa redio yake, maana mawimbi yenye nguvu huweza kuilemea na ukalaumiwa bure. Ukipata kiwango kinachofaa, kiandike katika daftari lako la mawasiliano pamoja na aina ya maikrofoni uliyotumia. Ukibadili maikrofoni, zoezi lianze upya.