Njia za Sheria kwa Mfungwa Aliyewekwa Mahali Pasipofaa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilipotutaka tuseme habari ya wafungwa, baadhi ya ndugu walitusimamisha mlangoni wakauliza, "Makarani na magereza, wapi na wapi? Si afadhali tungezungumza mishahara na likizo?" Swali hilo ni la haki, nasi twaomba ruhusa tulijibu polepole, kwa kuwa jibu lake limo katika mambo tutakayoyasimulia.

Kwanza tuelewane neno moja. Korti inapomhukumu mtu kifungo, adhabu yake ni kuondolewa uhuru kwa siku zilizotajwa, basi. Hakimu hasemi, "Nakupa miaka mitatu pamoja na kifua kikuu." Wala hasemi, "Utalala kwa zamu kwa sababu sakafu haiwatoshi." Yote yanayozidi hukumu hayakuandikwa na hakimu yeyote. Na mahabusi anayengoja kesi yake, huyo hata hukumu hana. Yakimpata mambo hayo, aende kwa nani? Na huyo atakayemwendea aweza kumfanyia nini? Twataka kuyaeleza hayo kwa kesi zilizotokea kweli, maana vifungu vya sheria vikisomwa peke yake husinzisha watu, hasa saa hizi za baada ya kazi.

Tuanze na Italia. Mwaka wa 2009 Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliamua kesi ya mfungwa mmoja, Sulejmanovic, aliyekuwa gereza la Rebibbia katika mji wa Roma. Kwa muda uliozidi miezi miwili aliwekwa katika chumba ambamo kila mtu alipata mita za mraba 2.7 tu. Korti ikasema huko ni kumtweza binadamu, ikaamuru alipwe euro 1,000. Waliosikia hukumu ile walidhani mambo yatatengenezwa. Hayakutengenezwa. Mwaka wa 2012 magereza ya Italia yalikuwa na watu zaidi ya 60,000, na nafasi zake zilikuwa za watu kama 45,000 hivi.

Ndipo walipotokea watu saba kutoka magereza ya Busto Arsizio na Piacenza, na kesi yao huitwa kwa jina la mmoja wao, Torreggiani. Walieleza kwamba kila mmoja alikaa na wenziwe wawili katika chumba cha mita za mraba 9. Tugawanye: ni mita 3 kwa mtu, na humo humo mna vyombo. Kwa ndugu waliozoea futi, hizo ni kama futi za mraba 32. Kitanda cha mtu mmoja cha futi 6 kwa 3 hushika futi 18. Basi nafasi ile haipati vitanda viwili, na humo mtu ale, avae, asali, augue. Maji ya moto yalikuwa haba, na huko Piacenza vyuma vilivyopigwa madirishani vilizuia hewa na nuru.

Katika kesi hiyo yako mambo mawili yaliyotushika sana, na yote mawili ni mambo ya makaratasi.

La kwanza ni hili. Mmoja wa wale wa Piacenza hakuanza kwa kwenda Strasbourg. Alimwandikia hakimu wa nchi yake anayesimamia mambo ya vifungo, na hakimu, mnamo Agosti 2010, akakubali kwamba mahali pale hapafai, akawaagiza wakuu waondoe kasoro. Karatasi ikaandikwa, ikatiwa sahihi, ikapelekwa. Mfungwa akabaki mle mle, asihamishwe hata mwaka wa 2011. Serikali ilipofika Strasbourg ikasema, "Njia ya kulalamika ipo, naye aliipita." Korti ikajibu kwamba njia isiyomfikisha mtu popote haihesabiwi kuwa njia. Twaona jibu hilo lina uzito kuliko fidia zote zilizotolewa siku ile.

La pili twaomba makarani mlisikilize vizuri. Serikali ya Italia ilidai kwamba vyumba vya Piacenza si vya mita 9 bali 11. Dai hilo ni zito. Likithibitishwa, hesabu yote inabadilika. Walakini Serikali haikuleta karatasi za kulithibitisha, na korti ikayashika maneno ya wafungwa. Desturi ya korti zote ni kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Lakini mfungwa hana futi ya kupimia ukuta, wala hana ufunguo wa kabati la ofisi. Ramani ya jengo, kitabu cha kuingia na kutoka, hesabu ya kila chumba, vyote viko mikononi mwa yule anayeshitakiwa. Kwa hiyo anayevishika asipovitoa, yeye ndiye wa kuumia, wala si mfungwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Januari 2013. Wote saba pamoja walipewa karibu euro 100,000. Tena, kwa kuwa mamia ya wengine walikuwa wamekwisha kuleta malalamiko kama yale, korti iliipa Italia mwaka mmoja, tangu hukumu ikiwa ya mwisho, iweke njia za sheria za namna mbili ziendazo pamoja: moja ya kuukomesha ubaya ungali unatendeka, na ya pili ya kumlipa mtu kwa siku zilizokwisha kumpitia. Kulipa bila kukomesha ni kununua ruhusa ya kuendelea. Kukomesha bila kulipa ni kumwambia mtu asahau.

Italia ikatunga sheria hizo mwishoni mwa mwaka wa 2013 na katikati ya mwaka wa 2014. Mfungwa sasa aweza kumwendea hakimu akapata amri yenye nguvu ya kutekelezwa, si kama ile ya 2010. Na katika fidia waliweka jambo ambalo twakiri lilitupendeza: si fedha kwanza, bali siku. Kwa kila siku 10 alizokaa mahali pasipofaa, mfungwa hupunguziwa siku 1 ya kifungo. Aliyekaa siku 600 hurudi kwao siku 60 mapema. Asiye na kifungo cha kupunguziwa, kama vile aliyekwisha kutoka, hupewa euro 8 kwa siku, naye sharti alete dai lake kabla ya miezi 6 kupita tangu kufunguliwa. Euro 8 ni haba, hatuwafichi. Tena ile miezi 6 huwapita wengi, kwa kuwa mtu atokaye kifungoni hutafuta kwanza pa kulala na kazi, si wakili. Lakini siku 60 za kuwa nyumbani na watoto, ni nani kati yetu atakayezitilia bei?

Mtaona jinsi njia hiyo yote inavyosimama juu ya kuhesabu. Siku ngapi? Mita ngapi? Watu wangapi? Mwaka wa 2016 korti ile ile ya Strasbourg, ikiwa baraza lake kubwa, iliamua kesi ya Muršić wa Kroatia, aliyekuwa gereza la Bjelovar. Huyu alikaa chini ya mita 3 kwa siku 50 zote pamoja, ila zilikatika-katika. Alishinda kwa siku 27 zilizofuatana bila kukatika. Kwa zile nyingine hakupata kitu. Korti ikaeleza hata namna ya kupima: choo kisihesabiwe, vyombo vya chumbani vihesabiwe, mradi mtu aweze kutembea. Nao mahakimu wakuu wa Italia, mwaka wa 2020, wakaenda mbele zaidi: kabati lisiloondoka na kitanda cha ghorofa vitolewe katika hesabu, maana mtu hawezi kutembea juu ya kabati. Mtu aweza kucheka kwamba wanasheria walibishana miaka kwa ajili ya kabati. Lakini kabati hilo ndilo lililokuwa mpaka kati ya mwenye kushinda na mwenye kushindwa.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya, kwenye fedha. Haya, tushuke Afrika ya Kusini.

Dudley Lee alishikwa mwaka wa 1999 akawekwa mahabusi katika gereza la Pollsmoor, Cape Town. Kesi yake ilichukua miaka karibu mitano, na mwaka wa 2004 korti ikamwona hana hatia. Lakini mwaka wa 2003, angali ndani, alionekana ana kifua kikuu, naye hakuingia nacho. Pollsmoor watu walijazana, walifungiwa vyumbani sehemu kubwa ya siku, na wagonjwa hawakutengwa kama ilivyotakiwa. Lee akamshitaki Waziri.

Korti Kuu ilimpa haki. Korti ya Rufani, mwaka wa 2012, ikamnyang'anya. Haikusema kwamba gereza lilifanya vema. Ilikubali kwamba uzembe ulikuwapo. Ila ilisema Lee hakuthibitisha kwamba, kama uzembe usingalikuwapo, asingaliugua. Tafakarini hapo. Mtu amefungiwa na mamia, hajui ni nani aliyemkoholea wala siku gani, naye aambiwa athibitishe. Tarehe 11 Desemba 2012 Korti ya Katiba, kwa mahakimu 5 dhidi ya 4, ikaitengua hukumu ile: ikiwa kulikuwa na wajibu wa kuwakinga wafungwa, na wajibu haukutimizwa, na maradhi ni yale yale ambayo wajibu huo uliwekwa kuyazuia, yatosha, mfungwa halazimishwi kumtaja mwenzake aliyemwambukiza. Njia hii si ya haki za binadamu peke yake. Ni dai la kawaida la madhara, kama la mtu aliyegongwa na gari la Serikali.

Fidia ya Lee haikupunguza msongamano wa Pollsmoor. Hilo lilihitaji dai la namna nyingine, nalo lililetwa na chama cha watu wa nje, Sonke Gender Justice. Desemba 2016 Korti Kuu ya Cape Town iliamuru idadi ya mahabusi pale ishushwe katika muda wa miezi 6 isizidi watu 150 kwa kila nafasi 100. Hata amri hiyo, mwaona, bado yaruhusu watu watatu mahali pa wawili.

Na hapa Kenya? Kwa ufupi, mlango upo. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 51, yasema mtu aliyefungwa hubaki na haki zake zote, ila zile zisizopatana kabisa na kule kufungwa. Kifungu cha 22 chamruhusu yeye, au mtu mwingine kwa niaba yake, kwenda kortini. Hakuna ada ya kufungua shauri, na ikilazimu korti hupokea hata karatasi isiyo na taratibu za kiwakili. Na kifungu cha 23 chaipa korti uwezo wa kuzuia na wa kuamuru fidia. Kuna na sheria ya mwaka wa 2014 ihusuyo watu walionyimwa uhuru. Barua ya mkono, basi, yaweza kuanzisha shauri.

Sasa turudi kwa ndugu walioulizia mlangoni. Mmoja wetu sisi tunaosema nanyi alikaa miaka kadhaa katika ofisi ya gereza moja, ambalo hatulitaji. Kazi yake ilikuwa kuandika kila asubuhi katika kitabu idadi ya watu wa kila chumba. Siku kazi zilipomzidi, aliandika ya jana. Wakati mmoja polisi walifanya msako mjini, na chumba kimoja kilichoandikwa watu 38 kikawa na watu zaidi ya 60 kwa muda wa majuma matatu. Kitabu kiliendelea kusema 38, kila siku, kwa mwandiko mzuri. Baada ya miezi mahabusi mmoja wa chumba kile aliugua kifua, na wakili akaja kuomba kuona kitabu cha majuma yale. Akaonyeshwa. Akafunua kurasa, akasoma 38, 38, 38, akashukuru, akaondoka. Shauri halikufunguliwa. Yule mtu hatukusikia habari zake tena, na kitabu, kwa tujuavyo, kingali kabatini.

Wanachama wenye kushika vitabu vya namna hiyo, na wanaotaka kujua ni ukurasa gani korti huuomba kwanza, watatukuta hapa baada ya chai. Mambo ya likizo yatasomwa na Bwana Katibu.