Kabla Hujamwita Fundi wa Kutundika Televisheni

(Haya ni mazungumzo ya fundi umeme mmoja wa Temeke mbele ya wana-kisomo wa Mbagala, Dar es Salaam. Tumeyaandika kama alivyosema.)

 

Nimeombwa kuzungumza juu ya kutundika televisheni ukutani. Pengine mtu atasema, "Hili nalo ni la kukalishana kitako?" Ndiyo, ni la kukalishana. Televisheni ni fedha nyingi. Tena inapofungwa vibaya inaweza kumuumiza mtoto, na mtu akitoboa ukuta ovyo anaweza kukutana na waya wa umeme. Nimeambiwa pia kwamba maneno haya yatatiwa gazetini yawafikie wenzetu wa vijijini. Vizuri. Huko nako umeme umeshafika mahali pengi.

Sisi wa Bara hatujaizoea televisheni muda mrefu sana. Zanzibar walianza yao mwaka 1973, tena ya rangi. Mwaka huo huo sisi huku tulikuwa tunakaa kwenye vikundi tunasikiliza redio, mambo ya Mtu ni Afya, wazee mnakumbuka. Televisheni za Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Na zile za kwanza zilikuwa na kisogo kikubwa nyuma, ndiyo vijana wanaziita chogo. Chogo ya inchi 21 ilipita kilo 20. Nani angeitundika? Ilikaa mezani, ikafunikwa kitambaa, basi.

Sasa zimekuja hizi bapa. Ukipita Charambe, Chamazi, Buza, au upande wa Kinondoni kule Tegeta na Bunju, unazikuta hata kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kitanda humo humo, vyombo humo humo, watoto humo humo. Meza inakula nafasi. Mtu anasema, "Ah, niitundike." Wazo hilo ni zuri. Iliyofungwa sawasawa mtoto hawezi kuivuta. Lakini iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko ya mezani, maana inaanguka kutoka juu. Na chini yake ndipo watoto wanapokaa kutazama.

UKUTA NDIO UNAOBEBA

Watu wengi wakienda dukani huuliza, "Braketi hii ina nguvu?" Braketi ni kile chuma kinachofungwa ukutani kishikilie televisheni. Karibu zote zina nguvu. Kwenye boksi pameandikwa inabeba kilo 30, wakati televisheni yako ya inchi 32 haizidi sana kilo 5 au 6. Lakini yale maandishi yanasema habari za chuma. Hayasemi habari za ukuta wako.

Kuta zetu nyingi hapa mjini ni za tofali za mchanga na saruji. Mnajua wenyewe jinsi tofali zinavyofyatuliwa kando ya barabara. Kuna mfyatuaji mwaminifu, na kuna yule anayebana saruji ili mfuko mmoja utoe tofali nyingi. Tofali ya huyu wa pili ukiikwaruza kwa msumari inamwaga mchanga. Juu yake imepigwa lipu safi na rangi safi. Kwa macho hujui. Fundi anayejua kazi hugonga kwanza kwa kidole au kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza. Halafu anatoboa tundu moja na kutazama vumbi linalotoka. Likitoka chengachenga gumu, sawa. Ukiona mchanga unamiminika kama wa saa ya mchanga, hapo ukuta hauna nguvu.

Tena lipu yenyewe haibebi kitu. Unene wake ni kama sentimita mbili. Skrubu ikiishia kwenye lipu, siku moja itatoka na lipu yake. Skrubu lazima ivuke lipu iingie ndani ya tofali, na itumbukizwe ndani ya kile kidude cha plastiki kinachopanuka tunduni. Kidude cha milimita 8 kinataka tundu la milimita 8. Namba zimeandikwa kwenye kidude, na namba zimeandikwa kwenye msumari wa drili. Ninyi sasa mnasoma. Zitazameni mbili hizo. Fundi akitoboa tundu la 10 halafu akachomeka kidude cha 8 kwa kukizungushia karatasi au njiti za kiberiti, mwambie asimame hapo hapo.

Jambo jingine ni aina ya braketi. Iko inayobana televisheni karibu kabisa na ukuta. Iko inayoinama kidogo mbele. Na iko yenye mkono, unaivuta mbele na kuigeuza uangalie ukiwa kitandani. Vijana wanaipenda sana hii ya tatu. Sasa sikilizeni. Chukua ndoo ya maji uibebe karibu na mwili. Utaiweza. Halafu nyoosha mkono mbele na ndoo ile ile. Bega litalia, na maji hayakuongezeka. Ndivyo mkono wa braketi unavyoufanya ukuta: ukiuvuta mbele, zile skrubu za juu zinang'olewa. Kwa kuta zetu za tofali za mchanga, mimi huwaambia watu wachukue ile inayobana karibu. Inauzwa bei ndogo pia.

SOMA MGONGO WA TELEVISHENI

Kabla hujanunua braketi, igeuze televisheni. Nyuma pana kibandiko. Pana namba zenye herufi V, hizo ni volti. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Wenzetu wa vijijini wanaotumia umeme wa jua, nanyi tazameni hapo. Ziko televisheni zilizoandikwa DC 12V. Hizo zinataka volti 12 za betri. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO, ndiyo kwaheri.

Uzito, yaani kilo, mara nyingi umeandikwa kwenye boksi au kwenye kile kitabu kidogo. Usivitupe. Inchi 55 nyingi hufika kilo 14 na zaidi, na hiyo watu wawili waishike wakati wa kutundika. Mtu mmoja asijaribu.

Nyuma hapo pana matundu manne. Chukua tepu upime kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwenda upande na kwenda chini. Mara nyingi utapata milimita 200 kwa 200, au 100 kwa 100, au hata 400 kwa upande. Ziandike kwenye karatasi, nenda nazo dukani. Kwenye boksi la braketi utazikuta namba hizo hizo. Zisipokuwepo, hiyo si yako, hata muuzaji akisema, "Chukua tu mama, itaingia." Haitaingia, na atakayeilazimisha ataipasua.

Kimo je? Watu wanapenda kuitundika juu kama picha ya kiongozi. Shingo zinauma. Kaa kwenye kiti unachokalia siku zote. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho yako, kama sentimita 100 au 110 kutoka sakafuni. Kama una watoto watundu, pandisha kidogo.

FUNDI NA KISHOKA

Hapa Dar es Salaam neno kishoka mnalijua. Ni yule anayejifanya fundi wa umeme au mtu wa TANESCO, na wala siye. Anakuja mkononi ana koleo, mdomoni ana maneno mengi. Kazi ya mwenye leseni anasema ataifanya kwa nusu ya bei. Akishapata fedha, simu yake haipatikani.

Nieleze vizuri, nisiwatishe bure. Kufunga braketi ukutani peke yake hakuhitaji leseni. Kunahitaji ujuzi na vifaa. Lakini fundi akianza kuongeza soketi mpya, kupasua ukuta apitishe waya, au kugusa meni swichi, hiyo sasa ni kazi ya umeme. Mafundi wa kazi hiyo hupewa leseni na EWURA. Muulize anayo? Akuonyeshe, nawe uisome jina lililoandikwa na kama muda wake haujapita. Mtu wa TANESCO naye ana kitambulisho. Hakuna ubaya kumwomba mtu kitambulisho. Anayekasirika kwa kuombwa karatasi, mimi simwamini.

Siwadharau mafundi wa mitaani. Wapo waliojifunza kwa kushika kazi, na mikono yao ni mizuri kuliko ya wengine wenye vyeti. VETA siku hizi huwapima hata hao waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti. Kwa hiyo tazama vifaa vyake na uliza kazi alizofanya. Fundi wa kutundika televisheni anakuja na drili, tepu, pima maji na tesita. Akija na nyundo na misumari ya inchi nne, mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende zake.

Iko nyumba moja huku kwetu niliitwa baada ya mambo kuharibika. Mama mpangaji alimpa kazi kijana aliyepita anauliza kama kuna kazi. Kijana akatoboa tundu moja kwa moja juu ya soketi. Waya ulikuwa hapo. Cheche ikaruka, nyumba nzima giza, wapangaji sita. Kijana alirushwa nyuma, lakini Mungu alisaidia alikuwa mzima. Mama akalipa waya mpya, akalipa lipu ya mwenye nyumba, na televisheni ilikuwa bado iko ndani ya boksi.

Kwa nini lilitokea? Kwa sababu waya ndani ya ukuta kwa kawaida hushuka kutoka darini hadi kwenye soketi au swichi, wima, ndani ya bomba la plastiki. Kwa hiyo mahali palipo moja kwa moja juu au chini ya soketi pana hatari. Hata usawa wake kwenda kando si pa kuamini sana. Sogea pembeni. Na umeme wa chumba hicho uzimwe kwenye meni swichi wakati wa kutoboa. Mtauliza, drili itazunguka kwa nini? Ziko drili za betri. Au waya mrefu uletwe kutoka kwa jirani mwenye meni swichi yake. Fundi akikwambia, "Aa, mimi nimezoea, hakuna haja ya kuzima," hujampata fundi bado.

ANDIKENI MAPATANO

Braketi na skrubu nunua mwenyewe, udai risiti. Usitoe fedha zote kabla ya kazi. Na mapatano yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Mnaweza kuandika hivi:

"Leo tarehe ........ Mimi fundi ........ wa mtaa wa ........ nimepatana na ........ kutundika televisheni moja ya inchi ........ kwa shilingi ........ Nimepokea kianzio shilingi ........ Zilizobaki nitalipwa kazi ikiisha na kukaguliwa. Televisheni ikianguka kwa sababu ya ufungaji wangu kabla ya miezi mitatu, nitalipa. Sahihi ya fundi ........ Sahihi ya mwenye televisheni ........ Shahidi ........"

Shahidi awe jirani, au mjumbe wenu. Fundi mzuri atasaini. Huenda akabishana juu ya ile miezi mitatu, patananeni.

Na kukagua ni hivi. Kabla televisheni haijapandishwa, mwambie fundi aishike braketi kwa mikono miwili aivute chini na mbele kwa nguvu, mbele ya macho yako. Ikilegea hata kidogo, afungue aanze upya. Afadhali itikisike ikiwa tupu. Halafu weka pima maji juu yake, uone kitone kimekaa katikati. Mwisho waya zibanwe ukutani zisining'inie, kwa sababu mtoto akiona kamba ataivuta.

MASWALI

Mzee wangu pale ameuliza habari za nyumba ya miti na udongo, kama za ndugu zake kule Rufiji. Mzee, usitundike. Udongo hautashika skrubu. Mwone seremala akutengenezee kabati pana la mbao, fupi, lenye kusimama sakafuni. Uzito utakwenda chini badala ya kwenda ukutani. Televisheni ifungwe kwenye kabati kwa mkanda kupitia yale matundu ya nyuma, na kabati nalo lifungwe kwenye nguzo ya nyumba. Nyumba ya tofali za kuchoma inaweza kushika, lakini tundu liingie katikati ya tofali, lisiingie kwenye maungio, hasa kama maungio ni ya udongo.

Dada ameuliza juu ya ukuta unaotota wakati wa masika. Ukuta huo uache. Tumia ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba. Unyevu wetu wa pwani unakula skrubu kwa kutu, na televisheni yenyewe haipendi maji.

Na huyu kijana mpangaji anauliza, akihama itakuwaje? Kwanza mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujatoboa, na ruhusa hiyo nayo iandikwe. Ukihama, braketi ni yako, ifungue uende nayo. Matundu uyazibe kwa saruji na mchanga laini, uyapake rangi inayofanana. Mwenye nyumba aje atazame mkiwa wote wawili, ndipo umrudishie ufunguo.