Mali Bila Daftari: Kazi za Halmashauri ya Kijiji

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa madarasa ya kisomo.

 

Leo tutazungumza juu ya halmashauri ya kijiji. Najua wapo watakaosema, "Ah, mwalimu, hiyo tunaijua. Ni ya mwenyekiti na watu wake." Basi hapo ndipo tunapoanzia. Halmashauri si ya mwenyekiti. Ni ya kijiji kizima, na kazi yake ni kazi yetu.

Ninyi mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi mlisema mnataka kusoma barua za watoto wenu. Wengine mlitaka kusoma mzani msipunjwe. Hayo yote ni mazuri. Lakini yako maandishi mengine yanayogusa maisha yetu kila siku, nayo yanakaa pale ofisi ya kijiji. Ni daftari la fedha, kumbukumbu za vikao na daftari la ardhi. Nani huyasoma?

VIKAO VIWILI, TUSIVICHANGANYE

Kijiji kina vikao viwili vikubwa.

Cha kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huu ni mkutano wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mkulima yumo, mfugaji yumo, mjane yumo, kijana yumo. Mkutano Mkuu ndio wenye sauti ya mwisho katika mambo makubwa ya kijiji. Sheria inataka uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Hesabu mwenyewe: mwaka una miezi 12, kwa hiyo ni mara nne kwa mwaka.

Cha pili ni Halmashauri ya Kijiji. Hiki ni kikao cha wajumbe tuliowachagua. Wajumbe hawapungui 15 wala hawazidi 25. Humo yumo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, na wajumbe wengine. Wanawake wasipungue robo ya wajumbe wote. Kama wajumbe ni 20, basi wanawake wawe 5 au zaidi. Halmashauri hukaa kila mwezi, na uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka 5.

Halmashauri hizi si za jana. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ndiyo iliyovipa vijiji vyetu halmashauri zenye nguvu ya kisheria. Baadaye ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982. Hiyo ndiyo inayoongoza mpaka sasa, ingawa imefanyiwa mabadiliko mara kadhaa.

Halafu yuko Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yeye hapigiwi kura. Huajiriwa na kuletwa kijijini. Ndiye katibu wa halmashauri. Anaandika kumbukumbu, anatunza madaftari na anatekeleza yale yaliyoamuliwa. Mwenyekiti anaongoza kikao, mtendaji anaandika. Kila mmoja ana kazi yake.

KAZI ZA KILA SIKU

Je, halmashauri inafanya nini? Kwa kawaida ina kamati tatu.

Ya kwanza ni Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango. Hii hushughulika na michango, matumizi, na mipango ya kilimo na miradi.

Ya pili ni Kamati ya Huduma za Jamii na Kujitegemea. Hii hushughulika na shule, zahanati, maji, barabara za kijiji na kazi za kujitolea. Kisima kikiharibika, hawa ndio wa kwanza kuulizwa.

Ya tatu ni Kamati ya Ulinzi na Usalama. Hii hushughulika na ulinzi wa kijiji, wizi wa mifugo, moto na majanga mengine.

Halmashauri pia hutunga sheria ndogo. Kwa mfano, mbuzi wasiachwe wakazurura mashambani, au watu wasifue nguo kisimani. Lakini sheria ndogo haitoki kichwani mwa mtu mmoja. Halmashauri inaandika mapendekezo, Mkutano Mkuu unatoa maoni, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kwa hiyo mtu akikutoza faini, una haki ya kuuliza mambo mawili: sheria ndogo iko wapi, na stakabadhi yangu iko wapi? Faini bila stakabadhi hiyo ni fedha iliyopotea.

TUSOME HESABU PAMOJA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, chukueni kalamu. Huu ni mfano tu, lakini hesabu zake ni kama zile za kijiji chochote.

Kijiji kina kaya 300. Kila kaya imechanga shilingi 5,000 kwa ajili ya darasa la shule. Mapato ni 300 mara 5,000. Jumla shilingi 1,500,000.

Sasa matumizi. Saruji mifuko 40 kwa shilingi 18,000 kila mfuko, ni shilingi 720,000. Mbao shilingi 400,000. Fundi shilingi 200,000. Jumlisha. Inakuja shilingi 1,320,000.

Toa matumizi katika mapato. Inabaki shilingi 180,000.

Lakini ubaoni pameandikwa, "Fedha iliyobaki ni shilingi 80,000." Je, shilingi 100,000 ziko wapi?

Msikimbilie kusema, "Wamekula!" Huenda zilitumika kukodi gari la kubeba saruji, na mwandishi akasahau kuandika. Kama ni hivyo, stakabadhi itaonyesha. Unanyoosha mkono na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mapato ni kiasi hiki, matumizi ni kiasi hiki. Mimi napata shilingi 180,000. Naomba nieleweshwe."

Kuuliza namna hii si ugomvi, wala si kumkosea mkubwa adabu. Kiongozi mwaminifu anafurahi kuulizwa, maana jibu lake linasafisha jina lake. Na kiongozi asiye mwaminifu anajua kuwa kijiji kimejua kutoa na kujumlisha.

ARDHI: HAPA TUKAE MACHO

Ndugu zangu, fedha ikipotea, inaweza kutafutwa nyingine. Ardhi ikienda, watoto wetu watalima wapi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini. Mdhamini ni nani? Ni mtu aliyepewa mali ya wenzake aitunze kwa faida yao. Ukimwachia jirani ng'ombe wako unaposafiri, hawezi kuwauza. Na halmashauri ni hivyo hivyo. Haiwezi kugawa ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Na inapaswa kutoa taarifa ya ardhi kwenye mikutano hiyo.

Tuseme amekuja mgeni anataka eneo la shamba. Haki yake aombe. Anapeleka maombi kwa halmashauri, na halmashauri inayajadili. Kisha jambo linaletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Hapo tunauliza: Ni ekari ngapi? Mpaka wake uko wapi? Njia ya mifugo itapita wapi? Watu wanaolima hapo sasa watakwenda wapi? Mkutano ukikubali, inaandikwa. Ukikataa, inaandikwa vile vile.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kila mkutano inapitishwa karatasi ya mahudhurio. Mtu anaandika jina lake na kutia sahihi. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba ulikuwapo. Haionyeshi kwamba ulikubali. Lakini karatasi yenye majina 200 na haina kichwa cha habari ni kitu cha hatari. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuibandika nyuma ya maneno mengine kabisa, akasema, "Hawa wote walikubali shamba litolewe."

Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, soma juu ya karatasi. Pawe na jina la kijiji. Pawe na tarehe. Pawe na maneno yanayosema ni mahudhurio ya mkutano gani, wenye ajenda gani. Kama juu ni patupu, sema, "Naomba kwanza paandikwe." Mkutano ukiisha, upigwe mstari chini ya jina la mwisho ili majina mengine yasiongezwe. Na jirani ambaye bado anaweka dole gumba, msomee kwanza. Usimwache aweke dole gizani.

Jambo jingine juu ya ardhi. Sheria hiyo hiyo inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu mbele ya sheria. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila, mume na mke mnaweza kuandikwa wote wawili. Akina mama, someni hati kabla haijawekwa sandukuni. Angalieni kama jina lenu limo.

Na kukitokea ugomvi wa mpaka, liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kusuluhisha, wala si kufunga watu. Mkisuluhishwa, maneno ya mapatano yaandikwe, myasome, ndipo mtie sahihi.

"MIMI NI MKULIMA TU"

Wengine husema, "Mimi ni mkulima tu, mikutano ni ya wenye nafasi." Sivyo. Mkutano usipofikisha watu wa kutosha, unaahirishwa. Ukiahirishwa mara tatu, mwaka unapita. Taarifa ya fedha haisomwi, kisima hakitengenezwi, na wachache wanaamua kwa niaba ya wengi. Halafu tunakaa chini ya mwembe tunalaumu.

Tena wajumbe wetu nao ni wakulima. Wanaacha palizi wakaenda kusuluhisha ugomvi wa mbuzi. Wanaamshwa usiku kwa sababu ya mwizi. Tusiwahukumu kwa maneno ya kilabuni. Tuwapime kwa maandishi: waliahidi nini katika kikao kilichopita, na nini kimefanyika?

Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu za vikao. Kila mkutano unapoanza, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe kwa sauti. Kama pameandikwa jambo ambalo halikusemwa, hapo ndipo pa kusahihisha. Zikishathibitishwa na kutiwa sahihi, ni vigumu kubisha baadaye.

TUFANYE NINI?

Nawaomba mambo manne.

Kwanza, pita kwenye ubao wa matangazo kila unapokwenda dukani au mashineni. Soma. Ukirudi nyumbani, wasimulie wenzako.

Pili, nenda mkutanoni na daftari na kalamu. Andika tarehe, mambo yaliyoamuliwa, na kiasi cha fedha kilichotajwa.

Tatu, dai stakabadhi kwa kila mchango, na uitunze.

Nne, gombeeni nafasi. Hasa ninyi akina mama mliohitimu kisomo. Halmashauri inahitaji watu wanaojua kusoma daftari.

Kusoma ni kama jembe. Likikaa darini linapata kutu, likiingia shambani linang'aa. Kijiji kinachosoma daftari lake hakidanganywi kwa urahisi. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Taarifa ya fedha ilisomwa?
2. Halmashauri yenu ina wajumbe wangapi? Wanawake ni wangapi? Je, wanafika robo?
3. Sheria ndogo za kijiji chenu zinatunzwa wapi? Nani kati yenu amezisoma?
4. Kwa nini karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari ni ya hatari?
5. Kaya 240 zimechanga shilingi 3,000 kila moja. Matumizi ni shilingi 655,000. Je, zimebaki shilingi ngapi?