Kumwinua Aliyepatwa na Kiharusi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, Sayyidna Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: imekuwa ada njema ya watu wa Nchelenge na Kashikishi kwamba mmoja akiugua, jirani humwendea, humwombea dua, kisha hurudi kwake. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa wake ahitaji zaidi ya kuzuriwa. Nayo ni kiharusi.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au unapopasuka. Ghafla mdomo huenda upande, mkono hulegea, na ulimi huwa mzito. Wako wasemao ni uchawi, na katika kutafuta mchawi saa hupotea. Sababu yake kubwa ni shinikizo la damu, ambalo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Wala si maradhi ya mijini peke yake. Katika nchi jirani ya Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006, baada ya kuzingatia umri wa watu, ulikuta kwa mwaka wagonjwa wapya kiasi cha 316 katika kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 katika vijiji vya Hai.

Aliyepatwa na apelekwe hospitali mara moja. Asipewe uji wala maji mpaka ionekane kuwa aweza kumeza, maana chakula huweza kuingia mapafuni. Wa Kashikishi yu karibu na Hospitali ya St. Paul's, wa Kisiwa cha Kilwa hana njia ila ziwa, na kutafuta mashua na mafuta usiku hula saa nyingi. Yafaa basi chama kiweke akiba ya safari hiyo kabla ya siku ya haja.

Akisharudi nyumbani, ndipo kazi ndefu huanza. Matabibu bingwa wa ubongo wako mbali. Mafunzo yao katika Hospitali ya UTH, Lusaka, yalianza mwaka 2018 tu. Mjuzi wa mazoezi ya viungo huwaonyesha jamaa njia, lakini kazi ya kila siku ni yao. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza na ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akafanya vidonda. Mkono uliolegea usivutwe anapoinuliwa, maana bega huumia. Asiyeweza kusema asipigiwe kelele kama kiziwi, wala asizungumzwe kana kwamba hayupo. Aulizwe kwa maneno machache, kisha angojewe.

Sharia yenyewe imefungua njia. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Na asiyeweza kutumia maji hutayamamu, hata kwa kusaidiwa. Maadamu akili yake ipo, asiachwe nje ya Swala. Kumketisha kwa Swala tano ni kumsaidia katika ibada, tena ni kuuzoesha mwili wake kuinuka.

Aghalabu mzigo huu humwangukia mke au binti mmoja, naye huchoka hata akaugua. Hapo ndipo chama kina wajibu: watu wawili kwa zamu, wanaume kwa mwanamume na wanawake kwa mwanamke, wamgeuze, wamtembeze, na wampumzishe aliyekesha. Wahakikishe pia kwamba dawa ya shinikizo haiachwi kwa sababu mgonjwa ajiona mzima, na kwamba samaki wa chumvi hawi kitoweo chake. Maana kiharusi huweza kurudi.

Dua ya mzuru mgonjwa ni njema. Na njema zaidi ni ya yule ambaye, akisha kusema amin, humshika mgonjwa akamwinua.

Wa billahi tawfiq.