Mwandika Programu Naye ni Mfanyakazi



Kazi yangu ni kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta hufuata ili kuhesabu mishahara ya watu. Nikikosea alama moja, mtu hukatwa pesa zake bure. Mchana naandika, usiku simu inalia: mtambo umesimama, amka! Saa hizo silipwi.

Zamani nilidhani chama ni cha wenye mikono michafu, mimi wa shati jeupe sikihitaji. Nilikosea. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kuingia chama. Lakini programu haijiandiki yenyewe, na haki vivyo hivyo haijileti. Tuungane, tuidai.